Maswali ya Mgongo Yanayoulizwa Ndani ya Gari

Kairopraktiki, ile tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono, ilizaliwa Davenport, mji wa Iowa ulio ukingoni mwa Mto Mississippi. Septemba 18, 1895, D. D. Palmer, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akitibu watu kwa kile alichokiita nguvu ya sumaku, alimsukuma pingili ya mgongo Harvey Lillard, Mmarekani Mweusi aliyekuwa mfanya usafi wa jengo lenye ofisi yake. Lillard alikuwa na tatizo la kusikia, na Palmer akatangaza kwamba amemrudishia masikio yake. Mwaka 1897 akafungua shule. Shule hiyo ipo hadi leo, juu ya kilima cha mji huohuo, na wanafunzi wake huwatibu wananchi kwenye kliniki za chuo huku wakisimamiwa na walimu wao.

Ukivuka daraja unaingia Illinois, kwenye miji ya Moline na Rock Island. Huku wamo Wakongo na Warundi wengi, wengine wamepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha nao sisi wa pwani. Kazi zao ni za kusimama na kunyanyua: kukata nyama kiwandani, kupakia mizigo ghalani, kuwageuza wazee vitandani. Kwa hiyo migongo inawauma, na mimi kwa kuwa nina gari na lugha ya hapa naimudu, huwa nawasindikiza kliniki.

Ninaloliona karibu kila safari ni hili: mgonjwa akiwa ndani kwa mtaalamu haulizi kitu. Anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, anashukuru. Tukishafunga milango ya gari ndipo maswali yanapoanza. “Dada, ule mlio ulikuwa wa mfupa?” “Yule ni daktari kweli, au ni mchuaji aliyevaa koti?” “Mbona ameniambia nirudi mara zote hizo?” Ni maswali mazuri, tena ya lazima, na aliyepaswa kuyajibu tumemwacha ndani.

Nimelifikiria sana jambo hili, na siamini kwamba ni woga. Nimekulia Tanga, na nimeona jinsi mgongo unavyotibiwa nyumbani. Mchuaji anaitwa aje. Mkeka unatandikwa ukumbini, mafuta ya nazi yanapashwa moto kwenye kikopo juu ya jiko la mkaa, mgonjwa analala kifudifudi. Mama wa watu anaanzia kiunoni kwa vidole gumba, anapanda polepole pembezoni mwa uti wa mgongo, akifika penye fundo anasimama, anabonyeza, anasikiliza pumzi ya mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe hasemi lolote kwa sababu nyumba nzima inamsemea. Mkewe anaeleza kwamba halali usiku. Mama mkwe anakumbusha kwamba mwaka juzi alianguka kwenye mnazi. Mtoto anasema baba siku hizi hamalizi chakula. Historia yote ya ugonjwa inatolewa pale ukumbini na watu wasioumwa.

Davenport hakuna mama mkwe. Kuna karatasi. Ina mchoro wa mwili wa binadamu, mbele na nyuma, upake rangi mahali panapouma, na chini yake maswali: Umewahi kuugua saratani? Umepungua uzito bila sababu? Unapata homa usiku? Mkojo au choo vinakutoka bila kujua? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Mara nyingi nawaona watu wanajaza “hapana” mstari baada ya mstari, bila kusoma, ili foleni isogee. Karatasi ile ndiyo inayofanya kazi ya familia, na anayeijaza kwa haraka anampa mtaalamu mgongo usio wake.

Maswali hayo yana sababu, na kwa watu wa kwetu sababu moja ni nzito kupita nyingine. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo na kuzila taratibu, wakati mwingine bila mgonjwa kukohoa hata kidogo. Mgongo wa namna hiyo ukisukumwa kwa nguvu unaweza kuumia vibaya. Vivyo hivyo mfupa uliodhoofishwa na uzee au na saratani. Na mtu aliyepata ganzi sehemu za siri, mguu ukaishiwa nguvu, au mkojo ukamponyoka au kumgomea, huyo si wa kunyooshwa na yeyote. Ni wa kupelekwa hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa huenda mishipa ya fahamu ya kiunoni imebanwa na kila saa ina maana.

Sasa maswali ya garini. Mlio ule si wa mfupa. Kwenye kiungo mna majimaji, na ndani ya majimaji mna gesi. Kiungo kikivutwa ghafla, shinikizo linashuka na uwazi wa gesi unajitokeza, ndipo tunasikia “kwaa”. Ni jambo lilelile linalotokea ukivuta vidole. Mlio ukikosekana, haina maana tiba imeshindikana. Maumivu madogo ya misuli siku moja au mbili baada ya kunyooshwa ni ya kawaida. Maumivu yanayoongezeka au ganzi mpya si ya kawaida, na mgonjwa anatakiwa apige simu siku hiyohiyo.

Kuhusu kama ni daktari: amesomea shahada yake ya udaktari wa kairopraktiki, kwa kawaida miaka 4 baada ya masomo ya chuo, na ana leseni ya jimbo. Hakusomea upasuaji, na karibu majimbo yote hayamruhusu kuandika dawa. Leseni hizo hazikupatikana kwa urahisi. Palmer mwenyewe aliwekwa jela mwaka 1906 kwa kutibu bila kibali, Kansas ikaanza kuwatambua wataalamu hawa kisheria mwaka 1913, na Louisiana ikawa ya mwisho, mwaka 1974.

Palmer aliamini kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na pingili iliyohama mahali pake. Imani hiyo haikuthibitishwa, ila bado unaweza kuisikia, na hapo ndipo ninapowaomba watu wangu wawe macho. Ushahidi wa maana upo kwa maumivu ya mgongo, hasa kiunoni. Ukiahidiwa kwamba kunyooshwa kutaondoa presha, kisukari au ugumba, hiyo ni ahadi ya mwaka 1895. Mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani, kilishauri kwamba maumivu ya kiuno ambayo hayajadumu yaanze kutibiwa bila dawa: kwa joto, kuchua, sindano za Kichina, au kunyoosha mgongo. Nilipousoma ushauri huo nilifurahi sana kuona kuchua na kunyoosha vimewekwa mstari mmoja. Mama yule wa Tanga na mafuta yake ya moto hakuwa mbali na kitabu. Chama hichohicho kinaeleza pia kwamba wengi wa wagonjwa hao hupata nafuu kadiri siku zinavyopita, watibiwe wasitibiwe, na hilo ni vizuri ulijue kabla ya kutoa pesa.

Shingo ni habari nyingine. Zipo taarifa za watu waliopata kiharusi baada ya shingo kuzungushwa ghafla, kwa kuchanika mshipa wa damu unaopeleka damu kwenye ubongo. Ni nadra. Watafiti wanabishana ni kiasi gani kinasababishwa na tiba yenyewe, kwani mshipa ulioanza kuchanika nao huleta maumivu ya shingo, na maumivu hayo ndiyo yanayompeleka mtu kliniki. Mimi msimamo wangu ni mmoja: swali la shingo liulizwe kabla mikono haijagusa shingo. Unaweza kusema, “Mgongo ndiyo, shingo hapana,” na atakutafutia njia ya polepole au mazoezi. Na ukishanyooshwa shingo, ukaona kizunguzungu, vitu viwili viwili, ulimi mzito au maumivu ya kichwa usiyowahi kuyapata, piga 911.

Halafu pesa. Mchuaji wa kwetu hulipwa alichonacho mwenye nyumba, akimaliza ameondoka, na akiona hapana nafuu anakwambia nenda hospitali. Huku nimekaa na mama mmoja aliyewekewa mezani mkataba wa miezi mingi, alipe mapema apunguziwe, wakati ndiyo kwanza anafika. Hakuwa ameelezwa ana nini. Sipendi kabisa utaratibu huo. Muulize mtaalamu: tutajuaje kama inasaidia, na baada ya wiki ngapi tuache? Mtaalamu mwaminifu ana jibu. Kwa wazee wenye Medicare, bima inalipia kunyoosha mgongo kwa mkono, lakini hailipii picha za eksirei anazoagiza mtaalamu huyo, kwa hiyo ukipelekwa kupiga picha uliza kwanza nani analipa. Na aliyeumia kazini afahamu kwamba daraja linabadilisha sheria: Iowa mwajiri ndiye anayechagua daktari, Illinois mfanyakazi ana haki ya kuchagua wake. Jeraha litolewe taarifa kazini kabla ya mambo yote, kwa maandishi.

Nyumbani wataalamu wa fani hii ni wachache mno. Vyuo vikuu vya Afrika vinavyoifundisha viko Afrika Kusini, Durban na Johannesburg. Kwa hiyo ndugu wa Tanzania akinipigia kuniomba pesa za “daktari wa mgongo” aliyefungua chumba mtaani, namuuliza mambo mawili: amesomea wapi, na amesajiliwa wapi. Tunalo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, tuna wataalamu wa fiziotherapia katika hospitali za mikoa, na taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili kwa migongo iliyoshindikana. Pesa natuma, lakini baada ya majibu.

Shangazi yangu alipoanza kulalamika mgongo mwaka huu, dada zangu walikuwa tayari wameshamwita mchuaji. Nikawaomba wamsemee kama kawaida yao, ila safari hii wamsemee mbele ya mganga wa zahanati: homa za jioni, nguo zinazompwaya, mgongo unaouma hata akiwa amelala. Akapimwa kifua kikuu, ambacho dawa zake hospitali za serikali hutolewa bure. Hakuwa nacho. Mchuaji akaja wiki iliyofuata.