Mzinga Mmoja, Mabega Mengi

Mitaa ya mashariki ya Nairobi ina majina mawili yaliyozaliwa vitani. La kwanza ni Kariokor, ambalo ni matamshi ya wenyeji ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. La pili ni Burma, soko lililo karibu na Shauri Moyo, ambalo jina lake lakumbusha nchi walikopigana askari wa Afrika Mashariki mwaka 1944 na 1945. Kila siku watu huyataja majina hayo wakipanda gari au wakinunua nyama, na ni wachache wanaokumbuka yalikotoka.

Kijana wa Makadara au wa Bahati akiona picha ya kifaru gazetini, swali lake la kwanza huwa hili: Mzinga wake hupiga mbali kiasi gani? Swali hilo si baya, lakini lina ndugu yake mkubwa, nalo ni hili: Ni nani aubebaye mzinga huo, na amefunzwa nini? Habari za mzinga mmoja wa kifaru, ambao umepigana katika nchi nyingi na hata ukafika Kenya, zaonyesha kwamba swali hilo la pili ndilo lenye uzito.

Mzinga huo una mtutu wenye kipenyo cha milimita 105. Kipimo hicho si kigeni katika Afrika Mashariki. Manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg ilikuwa na mizinga kumi ya kipimo hicho hicho, na tarehe 20 Septemba 1914 iliitumia kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja. Baadaye Königsberg ilijificha katika mto wa Rufiji, na mwezi wa Julai 1915 ikaangamia humo. Lakini Wajerumani waliitoa mizinga yake majini, wakaitia magurudumu, wakaikokota vitani katika bara. Mmoja wa mizinga hiyo umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na mgeni aweza kuugusa kwa mkono wake.

Chuma cha namna ile hakikwenda chenyewe porini. Kilivutwa na watu, na makombora yake yalichukuliwa na watu. Upande wa Waingereza ulikuwa vivyo hivyo. Mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi, barabara hazikuwapo, na kwa hiyo mzigo ulikwenda kwa kichwa na kwa bega. Mwaka 1917 serikali ilikusanya vijana kwa wingi sana kutoka wilaya nyingi za Kenya, nao makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakiwa wameuawa na maradhi na chakula kibaya kuliko risasi. Kambi yao ya Nairobi ndiyo iliyoacha jina la Kariokor.

Sasa na tuvuke miaka arobaini tufike Ulaya. Mwezi wa Oktoba mwaka 1956 watu wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, waliasi utawala uliotegemea Urusi. Katika ghasia zile kifaru kimoja cha Kirusi cha namna ya T-54 kiliingizwa katika kiwanja cha ubalozi wa Uingereza. Waingereza walipata nafasi fupi ya kukitazama, wakapima unene wa chuma chake na ukubwa wa mzinga wake wa milimita 100. Walichokiona kiliwatia wasiwasi. Kifaru chao wenyewe, Centurion, kilikuwa na mzinga ulioitwa wa ratili 20, wenye kipenyo cha milimita 84 hivi, na ilionekana kwamba mzinga huo haungeweza kukitoboa kifaru cha Kirusi kwa hakika.

Hapo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuunda kifaru kipya tangu mwanzo, kazi ya miaka mingi na fedha nyingi. Ya pili ilikuwa kuunda mzinga mpya utakaokaa katika kiti kile kile cha mzinga wa zamani. Walichagua ya pili. Mzinga mpya uliitwa L7, na mwaka 1959 ulitiwa katika Centurion moja ili kujaribiwa, nao ukafaa. Mkulima aliye na plau njema ataielewa hekima hiyo bila kufundishwa. Ulimi ukilika, hununua ulimi mpya. Hatupi plau nzima.

Nguvu ya mzinga huo ilikuwa katika mambo mawili. Mtutu wake ni mrefu, zaidi ya mita 5, na ndani yake mna mifereji myembamba izungukayo, ambayo hulizungusha kombora ili lisipepesuke njiani. Jambo la pili ni kombora lenyewe. Kombora la kutoboa vifaru lilikuwa na kiini chembamba cha metali nzito sana iitwayo tungsteni, kilichovikwa ganda la metali nyepesi. Baruti hulisukuma lote kwa pamoja. Lakini likisha kutoka katika mtutu, ganda huanguka, na kiini peke yake huendelea kwa mwendo wa karibu mita 1,470 kwa sekunde. Kiini hicho hakikulipuka. Kilipita katika chuma kwa mwendo na uzito wake tu, kama msumari upitavyo katika ubao. Kombora la namna nyingine lilijaa baruti laini. Lilipogonga kifaru lilijibandika kama udongo uliotupwa ukutani, kisha likalipuka, na mshindo wake ukavunja vipande vya chuma upande wa ndani, walimo watu.

Nchi nyingi ziliutaka mzinga huo. Wamarekani waliuunda kwao kwa jina la M68, wakautia katika kifaru chao M60. Wajerumani wa Magharibi waliutia katika Leopard, na Wahindi katika Vijayanta. Ikawa kwa muda mrefu kwamba vifaru vingi vya nchi zilizokuwa upande wa Magharibi vilitumia mzinga wa asili moja.

Lakini chuma kizuri hakimfanyi mtu kuwa fundi. Mwishoni mwa mwaka 1964 vifaru vya Centurion vya Israel vilipambana na vifaru vya Syria mpakani. Syria ilitumia vifaru vya Kijerumani vilivyosalia tangu Vita vya Pili vya Dunia, vizee kabisa. Wapigaji wa Israel walifyatua makombora mengi, na vumbi lilipotulia hakuna kifaru hata kimoja cha adui kilichopigwa. Watu walianza kulaumu vifaru. Jemadari Israel Tal, ambaye alikuwa amekabidhiwa jeshi la vifaru siku zile zile, hakukubali lawama hiyo. Alisema kwa matendo yake kwamba kosa lilikuwa la watu. Akawafundisha upya jinsi ya kukadiria umbali, kuangalia kombora lilipoangukia, kusahihisha, na kutunza mashine kwa kufuata kanuni moja baada ya moja bila kuruka. Mwaka uliofuata wapigaji hao waliweza kuzipiga mashine za kuchimba mifereji zilizokuwa kilomita nyingi ng'ambo ya mpaka.

Mtihani mkubwa ulikuja tarehe 6 Oktoba 1973. Syria ilishambulia milima ya Golan kwa vifaru zaidi ya elfu moja, na Israel ilikuwa na vifaru karibu 180 tu mahali pale. Kaskazini, katika bonde ambalo baadaye liliitwa Bonde la Machozi, brigedi ya saba ilisimama juu ya vilima ikizuia kwa muda wa siku nne. Centurion iliweza kuinamisha mtutu wake chini kuliko vifaru vya Kirusi, na kwa sababu hiyo ilijificha nyuma ya mgongo wa kilima, ikatokeza mzinga na kichwa tu. Mamia ya vifaru na magari ya Syria yalibaki yakiungua bondeni. Hata hivyo asubuhi ya siku ya nne brigedi ile ilikuwa imebakiwa na vifaru vichache mno vilivyoweza kupigana, na askari wake walikuwa hawajalala.

Wengi husimulia habari hiyo na kuishia hapo, wakiusifu mzinga. Hapana budi kusimulia na nusu ya pili. Kusini mwa milima ile ile, siku zile zile, brigedi nyingine yenye Centurion na mzinga ule ule ilivunjwa, na kamanda wake akauawa. Vifaru vyake vilitawanywa katika nafasi pana, katika nchi iliyo wazi zaidi. Na huko Sinai, tarehe 8 Oktoba, vifaru vya Israel vilivyokwenda mbele bila askari wa miguu wa kutosha wala mizinga mikubwa ya kuvisaidia vilipigwa na Wamisri walioketi mchangani na makombora yaliyochukulika kwa mkono. Mzinga ulikuwa mmoja katika mahali pote patatu. Matokeo hayakuwa mamoja.

Nasi tufike nyumbani. Mwezi wa Februari 1976 Idi Amin alidai sehemu za magharibi ya Kenya kuwa mali ya Uganda. Mwaka 1977 Somalia na Ethiopia ziliingia katika vita vya Ogaden, na Somalia ilikuwa imedai kwa muda mrefu kaskazini-mashariki ya Kenya. Serikali ya Kenya iliona kwamba nchi haina ngao. Mwaka 1977 iliagiza Uingereza vifaru 38 vya namna ya Vickers Mk 3, na mwaka 1978 ikaagiza 38 vingine. Mzinga wao ulikuwa L7, ule wa tangu Centurion. Hofu ya Kenya haikuwa ya bure, kwa maana mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka wa Tanzania, na mwezi wa Machi 1979 Watanzania walipambana na vifaru vya Libya pale Lukaya, vilivyoletwa kumsaidia Amin, wakashinda.

Katika Vickers mlikuwa na nafasi za watu wanne: kamanda, mpiga mzinga, dereva, na mtia makombora. Huyo wa mwisho hatajwi sana katika masimulizi. Kazi yake ni kulitoa kombora mahali lilipohifadhiwa, kuligeuza katika nafasi finyu huku kifaru kikitikisika, kulisukuma ndani ya mzinga, na kuondoa mkono wake kabla chuma hakijarudi nyuma. Kombora moja lina uzito wa kilo 20 hivi. Mzigo wa mpagazi wa Kariokor ulikadiriwa kuwa ratili 50 hivi, yaani kama kilo 22. Kwa miaka sitini chuma kilibadilika, baruti ilibadilika, na hesabu ya umbali ilibadilika. Mzigo wa bega ulibaki karibu ule ule.

Warusi walijaribu kuuondoa mzigo huo. Mwezi wa Septemba 2008 meli iitwayo Faina ilitekwa na maharamia karibu na pwani ya Somalia. Ndani yake mlikuwa na vifaru 33 vya T-72, na mwezi wa Februari 2009 meli hiyo ilifika Mombasa. Mzinga wa T-72 una kipenyo cha milimita 125, na mashine ndiyo itiayo makombora, hata watu wanaohitajiwa ni watatu tu. Lakini makombora hayo hupangwa kwa duara chini ya miguu ya askari. Katika vita vya Iraki mwaka 1991, na katika vita vya Ukraine tangu mwaka 2022, imeonekana mara nyingi kwamba kifaru hicho kikitobolewa, baruti hiyo huwaka yote na kichwa cha kifaru hurushwa juu. Bega limepumzishwa, ila roho imewekwa rehani.

Kwa hiyo karani wa Makongeni asomapo kwamba serikali fulani imenunua mzinga mkubwa kuliko wa jirani, na asishangilie wala asikasirike upesi. Na ahesabu kwanza. Fedha zilitoka wapi, kama si katika kahawa na chai ya wakulima na kodi ya mishahara? Watakaoutumia wamefunzwa kwa miezi mingapi? Wakirudi wamejeruhiwa, ni nani atakayewaandika majina? Wapagazi wengi wa mwaka 1917 hawakuandikwa vizuri, na mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao kamwe.

Mzinga wa Königsberg una mahali pake pa heshima Mombasa, umepakwa rangi, na wageni hupiga picha mbele yake. Waliozichukua silaha za vita vile wana jina la soko na la kituo cha magari, basi. Si kitu kidogo, maana jina hilo hutamkwa kila siku na watu wengi kuliko wanaoutazama mzinga. Ila mzazi apitaye Kariokor na mwanawe, mtoto akiuliza jina hilo lina maana gani, na asiseme, "Ni jina tu." Na amwambie kwamba hapo palikuwa na kambi ya watu waliobeba vita begani.