Posa Ikijibiwa, Panda Asumini



Msimu wa harusi ukikaribia, tunaulizwa kuhusu hina, magauni na ukumbi. Maua huulizwa mwisho, siku mbili kabla, na hapo mama wa bi harusi hana hila: anunue kwa bei yoyote au aweke ya plastiki. Sisi tulilelewa kwenye nyumba ambazo kikuba kilichumwa uani. Tungependa na wanetu wawe hivyo, maana harusi ni siku moja, lakini kikuba ni cha ndoa nzima.

Basi posa ikishajibiwa, tafuteni mche. Asumini ndiyo ya kwanza. Msiichague mchana, kwani matumba yake hufunguka jioni na harufu hushika usiku. Nendeni magharibi kwa jirani mwenye nayo, mnuse. Mkiipenda, ombeni kijiti, kwa kuwa kijiti hutoa ua lile lile la mama yake.

Zipo za namna mbili. Yenye safu moja ya petali huzaa sana, na tumba lake lenye shingo ndefu hupita sindano vizuri, kwa hiyo ni nzuri kwa koja. Ile iliyojaa petali kama kiwaridi hukua polepole, lakini ua moja tu latosha kwenye nywele. Mwenye nafasi ya mche mmoja, sisi tunamshauri achukue ya kwanza.

Kijiti kisiwe kichanga cha kijani kitupu, wala kikavu kigumu. Kateni kiasi cha sentimita 15, chini kidogo ya kifundo, ondoeni majani ya chini, kisha kichomekeni kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Baada ya wiki 4 hadi 6 kitakuwa na mizizi. Hapo kihamishieni penye jua lisilopungua saa 6 kwa siku, na maji yasituame. Hata ndoo iliyotobolewa chini yafaa kwa wanaokaa ghorofani. Kila maua yakimalizika, punguzeni matawi, kwa sababu asumini huzaa kwenye machipukizi mapya.

Mrehani uchagueni kwa kusugua jani vidoleni. Ukianza kutoa shada la mbegu, likateni ili majani yaendelee. Mlangilangi ni kwa mwenye kiwanja: ni mti mrefu, ukateni kilele ungali mdogo ili maua yafikike kwa mkono, na chumeni yaliyokwisha kuwa manjano. Mkadi nao una dume na jike, na linalonukia ni ua la dume. Chukueni chipukizi la mti mliokwisha kuunusa.

Rehani imetajwa katika Suratul Rahman. Na katika Sahih Muslim, Abu Hurayra (r.a.) amepokea mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba anayepewa rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kubeba na ina harufu nzuri. Lakini dini imetuwekea mpaka pia, na masomo wetu walituusia hivyo hivyo: kikuba ni cha ndani, cha mume na cha nafsi yako, si cha kupita nacho barabarani ukinukia mbele ya wanaume wa kando.

Binti anayeolewa huondoka na masanduku, vyombo na nguo, na vyote hivyo huchakaa. Kwetu humwongezea kopo lenye asumini iliyoshika mizizi. Akifika nyumba ya watu, siku za mwanzo huwa ngeni, na jioni ni ndefu. Akipata cha kumwagilia kwa mkono wake, na harufu ya uani kwa mama yake ikimjia dirishani, moyo hutulia kidogo. Na mume akiikuta ile harufu kila jioni, si usiku wa harusi peke yake, hilo ndilo tulilolitaka.

Allah awajaalie maharusi wetu mapenzi na huruma. Amin.