Vazi la Rubani

Wahenga walituachia methali: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo tumeifundisha miaka mingi na kuisahihisha katika mitihani, lakini hatukuitia maanani hata siku tulipopanda ndege ndogo.

Mwaka juzi tulialikwa katika semina ya walimu wa Kiswahili mjini Kasese. Rafiki yetu mmoja, mwenye leseni ya rubani wa binafsi, alikuwa na safari ya huko, akatukaribisha katika ndege yake ya injini moja na viti vinne. Tulifika kiwanja cha Kajjansi asubuhi, tumevaa suti ya poliesta na tai. Yeye tulimkuta katika shati la pamba la mikono mirefu lililopauka, suruali ya khaki na viatu vya ngozi vilivyochakaa. Tukaingiwa na wasiwasi. I wapi kofia? I wapi mistari ya dhahabu mabegani?

Alicheka. "Mwalimu, hiyo ni sare ya mashirika. Sisi tunaoruka kwa shughuli zetu hatuna sare. Lakini kila nilichovaa kina kazi yake."

Akatueleza. Pamba, sufu na ngozi zikishika moto huungua. Nailoni na poliesta huyeyuka na kugandamana na mwili. Viatu vyake vilikuwa na soli nyembamba ili azisikie vyema pedali kwa nyayo zake. Miwani yake ya jua haikuwa ya aina ile ikatayo mng'aro, kwani hiyo huweza kuvitia giza vioo vya mitambo ya kisasa. Nyuma ya kiti palikuwa na sweta la sufu, maana kila upandapo mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi.

"Tena, Mwalimu," akaongeza, "mimi sivai kwa ajili ya mahali niendako. Navaa kwa ajili ya mahali ninapoweza kulazimika kutua, nikatembea kwa miguu."

Yafaa tukumbuke kwamba marubani wa kwanza walivaa makoti ya ngozi kwa sababu walikaa katika upepo, ndege zao zikiwa wazi juu. Sare tuijuayo ilikuja baadaye: katika miaka ya 1930, kampuni ya Pan American ya Marekani iliwavisha marubani wa ndege zake zitualo majini mfano wa maofisa wa meli, ili abiria wawe na imani nao. Hata neno letu rubani, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la baharini: ndiye aliyeongoza chombo hadi bandarini. Kumbe jina na sare, vyote viwili, vilipanda angani kutoka majini.

Tulipokaribia mita 3,000 baridi ilitupenya, suti yetu isitufae kitu. Rafiki yetu akatupa lile sweta lake bila ya kusema neno. Hapo ndipo tulipomkumbuka mwanafunzi mmoja.

Siku ya mtihani wa mazungumzo, miaka kadhaa nyuma, alifika mlangoni amevaa kaptura yenye viraka na koti kubwa la mvua la baba yake. Tulimrudisha nyumbani akavae sare. Kwao kulikuwa ng'ambo ya kinamasi, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Koti lile ndilo lililomfikisha shuleni. Sisi hatukumwuliza amepita wapi. Tulimtazama mavazi tu. Hakurudi siku ile, na katika daftari letu, mbele ya jina lake, tukaandika sifuri.

Ndugu walimu, hatusemi sare ziondolewe shuleni. Zina manufaa yake, na wazazi wengi huziona kuwa heshima. Twasema tu kwamba, kabla ya kumhukumu mtu kwa vazi lake, hatuna budi kuuliza limemvusha wapi.

Tulitua Kasese salama. Tulirudisha sweta, tukashukuru. Daftari lile tunalo hata leo, na sifuri ile imo. Mtihani ulikuwa wake, lakini alama ile ni yetu.