Shujaa wa sentimita 10

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wa Kapata, na ninyi mliofika huku mkiacha nyumba zenu, leo tupumzike kidogo na habari za migodi na bei ya unga. Kuna mchezo wa video ambao vijana wetu hawaujui, kwani wao hulipa kucheza mpira ao vita tu. Unaitwa Chibi-Robo. Nintendo iliutoa Japani mwaka wa 2005, na Marekani mwaka uliofuata. Haukupata jina kama Mario, lakini mimi naupenda kuliko Mario.

Shujaa ni roboti wa sentimita 10 hivi. Ananunuliwa kuwa zawadi ya sikukuu ya kuzaliwa ya binti mmoja. Katika nyumba ile baba hana kazi, na pesa kidogo iliyopo anainunulia vitu vya kuchezea. Mama amechoka na hasira. Binti anavaa kofia ya chura na kusema kama chura. Roboti anaokota takataka, anasugua madoa kwa mswaki, anasikiliza kila mtu. Kila hatua inakula betri yake. Asipochomeka waya wake ukutani kwa wakati, anaanguka.

Jambo hilo mtu wa Kapata halihitaji kufafanuliwa. Bwawa la Nzilo liko karibu nasi, juu ya mto Lualaba, lakini migodi inakula umeme mwingi, na sisi jioni tunahesabu betri ya simu.

Kalulu wa hadithi za bibi zetu, ao Kabundi kwa waliotoka Kasai, naye ni mdogo, lakini anashinda kwa ujanja. Huyu hamdanganyi mtu. Anashinda kwa kurudia kazi ndogo. Sisemi mtoto abebe mzigo wa wakubwa. Hapa Kolwezi watoto wengi wamekwisha kubeba magunia ya mawe. Roboti ni mashine. Mtoto anayecheza anapaswa kubaki mtoto.

Kinachonigusa zaidi ni nyumba yenyewe. Karibu mchezo wote unapita ndani yake na katika kiwanja chake. Kwa mwenye sentimita 10, kiti ni mlima, zulia ni uwanja, na chini ya meza kuna nchi nyingine. Nawaza Kasulo. Mwaka wa 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba, watu wakachimba hata ndani ya vyumba. Mwaka wa 2017 familia nyingi zikahamishwa. Fidia ilihesabiwa kwa dola. Lakini mtoto aliyetambaa kwenye sakafu ile alikuwa na hesabu yake: ufa wa mlangoni alimoficha kifuniko cha chupa, pembe yenye baridi nyuma ya kabati, mahali jua lilipoingia asubuhi. Hakuna karatasi iliyoandika hayo.

Mchezo huu ni wa zamani, na mashine yake, GameCube, ni shida kuipata huku. Lakini jioni umeme ukikatika, mzazi anaweza kumwuliza mtoto wake: nyumba yetu ya kule, wewe ulikuwa unaionaje toka chini? Mwacheni aseme mpaka amalize. Atawatajia vyumba ambavyo ninyi wakubwa hamkuviona.