Siku ya Meli: Tulivyoteremka Ziwani kutoka Kitura

Huku kwetu Mbinga hakuna treni. Anayetaka kuiona hana budi kupanda basi hadi Songea, kisha aendelee hadi Makambako, inakopita reli ya TAZARA tangu miaka ya sabini. Ni mwendo wa karibu kilomita 400. Habari za reli mpya ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay tumezisikia kwa miaka mingi, lakini mpaka tunapoandika haya hatujaona taruma hata moja. Kwa hiyo sisi akina mama wa jumuiya moja ya Kitura tulipoamua kwenda kutembelea vijiji vya pwani ya Ziwa Nyasa siku ya meli, tulikodi kosta. Fedha tulizipata kwa kuchanga kidogo kidogo kila Jumamosi kwa mwaka mzima, na wengine tuliuza kuku.

Tulikuwa kumi na tisa. Kumi na wanane tulikwenda kuona ziwa. Mmoja alikwenda kumwona binti yake.

Mwenzetu huyo hatutamtaja jina. Miaka minane iliyopita binti yake aliolewa Liuli, na kijana wa ukoo wa wavuvi. Kijana ni Mwanglikana, na sisi huku juu karibu wote ni Wakatoliki. Baba wa binti alikataa, akasema hatapokea mahari wala hatakanyaga huko. Binti akafunga ndoa katika kanisa la mumewe bila mtu wa kwao kuwepo. Baba alipofariki, ujumbe wa msiba haukupelekwa Liuli mpaka siku tatu baada ya maziko. Na sisi tuliokuwa tunapika pale msibani tulijua kwamba binti hajaambiwa, tukanyamaza. Tulisema si jambo letu. Msomaji, tunaliandika hili mapema ili usidhani kwamba tulikwenda ziwani kama watu wasio na deni.

Njiani

Tuliondoka gizani, tukafika mjini Mbinga kunapambazuka. Kutoka hapo hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, na siku hizi ni lami. Wazee wetu walizipita njia hizo kwa miguu, wakiwa wamejitwika mahindi na maharage wakabadilishane na samaki. Sisi tuliipita kabla chai ya kwenye chupa haijapoa.

Ukitazama nje ya dirisha katika milima ya Umatengo utaona mashamba ya ngoro, yale mashimo yaliyopangwa mteremko mzima kama sega la nyuki. Wageni wasomi wametoka mbali kuja kujifunza namna yanavyozuia udongo usichukuliwe na maji. Kwetu sisi ni kazi tuliyoirithi kwa bibi zetu: kufyeka majani, kuyapanga kwa mistari inayokatana, kuyafukia kwa udongo, kisha kupanda maharage juu ya matuta. Kadiri gari lilivyoshuka, mikahawa ilipungua, na joto likaongezeka. Masweta yakavuliwa moja baada ya jingine. Mihogo na miembe ikaanza kuonekana, halafu kwenye kona moja mtu akapiga kelele, "Lile pale!"

Ziwa lilikuwa limelala chini yetu, la buluu, na ng'ambo yake ilionekana milima ya Malawi kama moshi. Baadhi yetu tulikuwa hatujaliona maishani, ingawa tulizaliwa wilaya hiyo hiyo. Maana pwani yote hii ilikuwa sehemu ya Mbinga mpaka mwaka 2012 ilipokatwa Wilaya ya Nyasa. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na mahali penye kina kirefu zaidi ni kama mita 700 kwenda chini. Mwenzetu yule hakusogea dirishani. Alikuwa ameshikilia kikapu chake mapajani kwa mikono miwili.

Bandarini Mbamba Bay

Siku ya meli ndiyo siku ya soko. Zamani zilikuwa MV Songea na MV Iringa. Tangu mwaka 2021 iko MV Mbeya II, inayobeba abiria 200 na mizigo tani 200. Inatoka upande wa Kyela, inapita pwani kijiji hadi kijiji. Inapoonekana kwa mbali, utaona akina mama wa Kinyasa wanakuja na magunia ya usipa, yale madagaa ya ziwani, na ndoo za samaki waliokaushwa kwa moshi. Wengine wamelala hapo hapo mchangani na watoto, ili wasipoteze nafasi.

Na sisi tulikuja na haja ya kununua. Mama mmoja alitutajia bei ya sado moja ya usipa. Tukaishusha. Akapunguza. Tukaishusha tena, tukamwambia kwamba tuko wengi, na kwamba tusiponunua sisi, meli itaondoka na samaki watabaki mikononi mwake. Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akaanza kupima, akisema taratibu, "Haya, chukueni."

Mwenzetu mmoja mwenye umri mkubwa akasema, "Jamani, hii si magoma?"

Anayetoka Mbinga anajua magoma ni nini. Ni pale mtu mwenye fedha anapokuja nyumbani wakati wa njaa, kahawa ikiwa bado mbichi mtini, akakupa fedha kidogo za karo au za dawa, na wakati wa mavuno akachukua gunia zima. Tumelia sana juu ya magoma, hata katika vikao vya kanisa. Na hapa tulikuwa tumesimama mchangani na fedha mkononi, tukimfanyia mwingine yale yale kwa sababu ana haraka.

Tulimwomba atueleze kazi yake. Akasema usipa huvuliwa usiku, usiku usio na mbalamwezi, kwa taa zinazowavuta samaki wakusanyike. Alfajiri mitumbwi ikirudi, wanawake huwapokea, huwaosha, huwaanika juani na kuwageuza mpaka wakauke. Mvua ikinyesha ghafla kabla hawajakauka, kazi ya usiku mzima huharibika. Karo ya watoto wake wawili hutoka humo. Tulilipa bei aliyotaja mwanzo. Hakutushukuru kupita kiasi, naye alikuwa na haki; ilikuwa bei ya haki tu.

Liuli

Kutoka Mbamba Bay tulifuata pwani kuelekea kaskazini hadi Liuli. Hapa ndipo msomaji apendaye historia atafurahi. Kwenye ghuba liko jiwe kubwa la Pomonda. Wajerumani waliliona linafanana na sanamu ya Sphinx ya Misri, wakaipa bandari hiyo jina la Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wa Kijerumani alikuwa bado hajapata habari kwamba vita imeanza. Naye nahodha Mwingereza alikuwa rafiki yake, waliyezoea kukutana na kunywa pamoja. Mjerumani alitoka na mashua akiwa na hasira, akiuliza kama mwenzake amelewa. Ndivyo ugomvi wa wakubwa unavyowaangukia watu waliokuwa marafiki jana.

Liuli pia ni mahali alipozikwa Padre William Percival Johnson wa misheni ya UMCA, Askofu Msaidizi wake hakuwa, bali Arkidiakoni. Alizaliwa mwaka 1854, akaja Afrika mwaka 1876, akafia hapa Liuli mwaka 1928. Macho yake yaliharibika angali kijana, karibu apofuke, lakini hakuacha kazi. Aliishi kwa kutembelea vijiji vya pwani hii: meli ndogo ya misheni, Charles Janson, na baadaye Chauncy Maples, ilimshusha kijiji kimoja, akafundisha, akalala, kisha akaenda kijiji kinachofuata. Alitafsiri Biblia katika Kinyanja. Meli hiyo ya pili ilipewa jina la rafiki yake, Askofu Chauncy Maples, aliyezama katika ziwa hili hili mwaka 1895. Waanglikana wa pwani humheshimu Johnson sana, na kaburi lake hutembelewa mpaka leo.

Tulisimama pale kaburini, sisi Wakatoliki wa milimani, tukasali. Hakuna mbingu iliyoanguka. Mmoja wetu akanong'ona kwamba kama tungefanya hivi miaka minane iliyopita, tungekuwa tumekula pilau ya harusi.

Nyumbani kwa binti

Mwenzetu alipoona tumemaliza, alisema anajisikia vibaya, afadhali abaki garini. Tulijua ni woga. Tulimwambia, "Dada, tulinyamaza wakati wa msiba. Leo hatunyamazi. Tunakwenda wote." Tukamshika mkono.

Nyumba haikuwa mbali na Hospitali ya Mtakatifu Anna. Uani kulikuwa na nyavu zimetandazwa, na bibi mmoja ameketi kwenye mkeka akimenya mihogo. Alitusalimu kwa Kinyanja, "Muli bwanji," kisha kwa Kiswahili, akatukaribisha. Ndiye mama mkwe wa binti. Alipotambua sisi ni watu wa Kitura, aliweka kisu chini, akaita jina la mkwewe, akasema, "Njoo, mama yako amefika."

Binti alitoka jikoni na mtoto mgongoni. Wengine wawili walikuwa nyuma yake. Alisimama. Kisha akapiga magoti mahali pale pale alipokuwa, mbali, akasema, "Shikamoo, mama." Mama akaitika, "Marahaba." Baada ya hapo kukawa kimya ambacho sisi wote tulitamani kukivunja na hakuna aliyeweza.

Binti ndiye aliyevunja. Aliuliza, "Baba aliniulizia?"

Mama yake angeweza kusema ndiyo, na sisi tungemwunga mkono. Ungekuwa uongo mtamu. Badala yake alisema, "Hakukuulizia kwa mdomo. Lakini siku za mwisho alikuwa anageuza kitanda kielekee mlango. Na mimi ndiye niliyechelewesha ujumbe. Si yeye. Ni mimi." Kisha akatoa kwenye kikapu kanga mbili, kilo mbili za unga wa ngano, na shati la marehemu lililofuliwa na kukunjwa. "Hili nilikuwekea wewe," akasema.

Binti alilichukua, akalishika usoni. Hakuna aliyekumbatiana kama kwenye sinema. Alilia, akaingia ndani, akakaa muda. Alipotoka alikuwa ameosha uso, akauliza kama tumekula.

Tulikula ugali wa muhogo kwa magege wa kuchemsha, na mbasa wa kuchoma. Yule bibi alitaka mwenzetu aketi karibu naye, akamwita "mkwe". Akasema miaka yote minane alimwambia kijana wake aende Kitura na mahari, na kijana akaogopa kufukuzwa. Wakapatana kwamba baada ya mavuno ya kahawa watu wa Liuli watapanda milima. Sisi tukaahidi kupika.

Jioni, dereva alipopiga honi, mwenzetu hakuinuka. Alisema atarudi juma lijalo. Mjukuu mdogo amelala mapajani mwake na hataki kumwamsha. Tulirudi watu kumi na wanane, na kiti chake tukakiwekea gunia la usipa.

Kwa mama anayetaka kwenda

Ukitoka nyanda za juu, chukua nguo nyepesi na chandarua, maana pwani ina joto na mbu. Kati ya Mei na Agosti upepo wa mwera huvuma kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa. Usipande mtumbwi bila kuwauliza wenyeji. Maji ya ziwa yachemshe kabla ya kunywa. Ulizia siku ya meli mapema, kwani ratiba hubadilika. Ukikuta akina mama wa hapo wanacheza kioda, ngoma ya wanawake wa pwani hii, keti utazame, ni nzuri kwelikweli. Na bei ya samaki, iulize mara moja tu.

Nawe mama mwenzetu, labda yuko mtu mahali fulani ambaye hamjatembeleana kwa sababu ya neno lililosemwa zamani na mtu ambaye sasa hayupo. Safari yetu ya Liuli kutoka Mbinga ilichukua asubuhi moja. Tulikuwa tumeiita mbali kwa miaka minane.