Tupa na Vidole

Asubuhi za kipupwe, mzee mmoja mpasua mbao wa Kambarage, mjini Shinyanga, hukaa uani chini ya mwarobaini, na mbele yake, juu ya gunia, umelazwa msumeno wa mnyororo, ule ambao watu wa bara huuita chenso. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto hugeuka vyeupe, kisha hufa ganzi. Hayo ndiyo malipo ya misumeno ya zamani, ambayo mishikio yake haikuwekewa mipira ya kupunguza mtikisiko: aliyeikumbatia miaka mingi, mishipa midogo ya vidoleni huharibika, na baridi ikija damu haipiti.

Huanza na chujio la hewa. Vumbi la Shinyanga halina huruma, na injini iliyozibwa pumzi hunywa petroli kupita kiasi, ikafuka moshi na kuchafua plagi. Petroli iliyolala miezi ndani ya kabureta huacha gundi, na ule utando mwembamba wa mpira unaoivuta petroli hukakamaa. Wengi huulaumu msumeno kwa uzee, kumbe kosa ni la tangi lisilomwagwa.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Naam, lakini hawakuuona mnyororo, ukatao upande mmoja tu. Meno yake ni ya kushoto na ya kulia kwa kupokezana. Tupa ya mviringo husukumwa kwenda mbele, wala hairudishwi ikiwa ingali inagusa jino. Upande mmoja ukinolewa kuliko mwenziwe, msumeno hupinda ndani ya gogo. Mnyororo butu hutema unga. Mkali hutema vipande. Ukali huo hupimwa kwa kupapasa, na kupapasa ndiko kulikompotea mzee huyu.

Deni lake jingine halimo vidoleni. Tangu miaka ya 1920 miti ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, kisha pamba nayo ikataka mashamba. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004, na ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga hadi kiangazi, zikarudi na migunga yake. Yeye miaka hiyo alikuwa upande wa Geita, akiangusha miti. Huko wachimbaji wadogo wa dhahabu huzuia kuta za maduara yao kwa magogo waitayo matimba, na mpaka leo wafanyabiashara wa matimba humjia uani, fedha mkononi, wakiutaka msumeno. Hauuzi, wala hauazimishi. Ajua kwamba duara lisilo na matimba humfukia mtu. Ajua pia magogo hayo yatokako. Kati ya hayo mawili hajapata kukata shauri, na kwa hiyo msumeno hunolewa, ukafungwa kwenye gunia, ukarudishwa uvunguni.

Siku hizi tupa hushikwa na mjukuu.

"Babu, limekuwa kali?"

Mzee hainyooshi mkono. Huinamisha sikio, maana tupa iliyolala sawasawa hutoa mlio mmoja mwembamba, na iliyoyumba hukwaruza.

"Hilo umelipiga mara nne, mjukuu wangu. Wenziwe wamepata tatu tatu. Waongeze nao."

Kijana huuzungusha mnyororo taratibu, akilitafuta jino la kwanza, lile lililotiwa alama ya chaki.