Ghorofa ya tisa na swali la bibi

Dalali aliwaonyesha kila kitu: lifti mbili, jenereta inayowaka yenyewe umeme ukikatika, bwawa la kuogelea na chumba cha mazoezi. Mwisho akafungua mlango wa kioo, akawatoa balkoni. Bahari ya Hindi yote ilikuwa mbele yao. Mke akamtazama mume, mume akacheka. Jioni hiyohiyo walikubaliana kuhama Tabata na kwenda Masaki, jijini Dar es Salaam, ghorofa ya tisa.

Kodi ya miezi sita ililipwa kwa mkupuo na kumeza karibu akiba yao yote. Lakini baba alikuwa amepata kazi nzuri, na wote wawili walitaka mtoto wao wa miaka mitatu akulie mahali patulivu.

Wiki ya pili bibi, mama yake baba, akaja kutoka Korogwe kuwasalimia. Alizunguka vyumba vyote kimya, kisha akasimama mbele ya dirisha pana la sebuleni.

"Mwanangu, nondo ziko wapi?" alimuuliza mkwewe.

"Mama, huku juu mwizi hafiki."

"Sijauliza habari za mwizi."

Mazungumzo yaliishia hapo. Kule Tabata kila dirisha lilikuwa na nondo. Ziliwekwa kwa ajili ya wezi, lakini miaka yote zilimlinda na mtoto bila mtu kutambua.

Kila asubuhi baba alipoondoka, mama alimbeba mtoto hadi balkoni ampungie mkono. Siku moja mama alikuwa jikoni akikoroga uji, honi ikalia chini. Mtoto hakusubiri kubebwa. Aliburuta stuli ya plastiki kutoka bafuni, akaisogeza kwenye ukingo wa balkoni, akapanda.

Mama alipogeuka, kifua cha mtoto kilikuwa tayari juu ya ukingo. Hakupiga kelele, asije akamshtua. Alikwenda pekupeku, taratibu, akamkamata kiunoni. Kule chini baba alikuwa ameona yote. Alishuka kwenye gari, akakaa chini kando ya geti, miguu ikakataa kusimama.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki dunia kila mwaka kutokana na kuanguka. Wengi ni wazee, lakini watoto nao wamo kwenye kundi la hatari. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kikilinganishwa na mwili wake, hivyo akiinama ukingoni, kichwa hutangulia. Wavu wa mbu haumzuii.

Jijini New York, Marekani, kanuni iliyoanza mwaka 1976 inamtaka mwenye jengo la kupangisha aweke vizuizi madirishani katika nyumba anayoishi mtoto wa miaka 10 au chini. Wazazi wa Masaki walipoomba waweke nondo, meneja wa jengo aliwajibu kuwa mkataba hauruhusu kubadili mwonekano wa nje.

Wakamwita fundi afanye kazi kwa ndani. Kila dirisha liliwekewa kizuizi ili lisifunguke zaidi ya sentimita 10. Mlango wa balkoni ukapata komeo la juu, mtoto asikolifikia. Stuli, viti na vyungu vya maua vikaondolewa balkoni, na kochi likasogezwa mbali na dirisha. Gharama yote haikufika hata kodi ya wiki moja.

Mzazi, unapokwenda kuangalia nyumba ya ghorofani, piga magoti utazame vyumba kwa kimo cha mwanao. Jaribu madirisha, pima nafasi kati ya vyuma vya balkoni, uliza kama bwawa lina uzio na geti linalofungwa. Uliza pia kama unaruhusiwa kuweka vizuizi. Uliza kabla hujalipa, kwa sababu ukishalipa miezi sita hauna tena nguvu ya kujadiliana.

Bibi alipopiga simu, hakuuliza habari za bahari. Aliuliza kama fundi ameshakuja.

Siku hizi, baba akitoka, mama na mtoto hushuka naye kwa lifti. Mtoto humpungia mkono getini, miguu yake ikiwa ardhini.